Mkaguzi wa Moto Kwenye Mkatale

Mjinga wa siku ile alikuwa Delbert Vossberg, wala hana wa kumsingizia. Ukimuuliza leo atakwambia mwenyewe, tena kabla hujamaliza swali, maana maisha yamemfundisha kwamba ukijicheka wa kwanza, wenzako wanabaki na makombo. Mtu aliyekwisha kuanguka kutoka mapaa matatu, akaachwa na wake wawili, akaumwa na mbwa yuleyule wa mteja mara mbili, ataonea haya gani ujinga mmoja zaidi?

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya maonyesho ya Hartsgrove, kusini mwa Wisconsin, na Delbert alikuwa macho tangu saa kumi alfajiri kama bwana harusi. Alasiri ile, baada ya vita vya kuigiza, Kampuni ya Mikuki ingempigia kura.

Kampuni ile ni watu thelathini na mmoja. Jumatatu hadi Ijumaa ni walimu, madereva wa malori, mama wa benki. Nahodha wao, Lyle Brandvold, ni daktari, hung'oa meno ya watu mjini. Lakini zikifika Jumamosi na Jumapili za maonyesho, wanakuwa askari wa kukodiwa wa Kijerumani wa mwaka 1525, soksi mguu huu nyekundu na huu njano, mikono ya mashati imechanwachanwa kwa makusudi, kofia pana kama sinia zenye manyoya ya mbuni, na mikuki ya futi kumi na sita. Huingii kwao kwa kulipa kiingilio. Unaingia kuruta, na ukuruta ni misimu mitatu ya kuteka maji, kupasua kuni, kusugua masufuria kwa mchanga na kuwashikia wakubwa mikuki yao wakienda kujisaidia. Jumapili ya mwisho ya msimu wa tatu wanakuzunguka. Anayekukubali hugonga ardhi kwa kitako cha mkuki wake. Anayekukataa huulaza chini. Ikilazwa mikuki miwili tu, umekwisha, chukua soksi zako uende, na usirudi kuomba tena.

Siku alipowaona kwa mara ya kwanza, Delbert alikuwa juu ya kibanda cha mwuza asali, anarekebisha paa, misumari mitano mdomoni. Ngoma ikalia. Mikuki thelathini iliyokuwa imesimama wima ikashuka kwa pamoja, fyuu!, kama mtu mmoja kafunga jicho. Nywele zilimsimama Delbert hadi za miguuni. Nusura ameze msumari. Siku hiyohiyo, lami ingali kwenye kucha, aliteremka kuuliza, "Jamani, mtu anaingiaje humu?"

Basi misimu mitatu imepita. Nguo zake alizishona kwa mkono majira ya baridi yote, vidole vikawa kama kichujio. Asubuhi ile alisimama mbele ya Bernadette Pruitt, mkutubi mstaafu, msimamizi wa mavazi, mwanamke anayepindua mshono wako na kuutazama kwa kioo cha kukuzia kana kwamba wewe ni jambazi na huo ndio ushahidi.

"Huu mshono wa kwapani," alisema Bernadette, "ulikuwa umelewa?"

"Nilikuwa na usingizi."

"Haya. Na wa kale nao walisinzia. Umepita." Akamtazama usoni. "Lakini miwani ivae, Del."

"Bernadette, mwaka 1525 umemwona wapi mtu wa miwani ya plastiki?"

"Macho hayana karne. Tumewaruhusu wote wenye macho mabovu. Ivae, usije ukaniangukia kwenye sufuria."

Delbert akaitikia kwa kichwa, itikio lile la mtoto anayeambiwa asiguse sukari. Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu yake, akaiacha miwani juu ya dashibodi, akafunga mlango. Hesabu yake ilikuwa hivi: wengine wote wanavaa, mimi sivai, wataniona mtu wa kweli kuliko wa kweli wenyewe. Kura moja au mbili hapo zitaongezeka. Basi akarudi kambini amenyoosha shingo, na dunia yote kuanzia hatua kumi mbele yake imekuwa uji.

Lyle alimpa kazi ya kulinda kambi na mkatale. Mkatale wa kambi ile ni mbao mbili zinazobana, zenye tundu la shingo na mawili ya mikono. Mgeni akitaka kumchezea mwenzake, anatoa ada ndogo, askari wanakwenda kumkamata huyo mwenzake na kumweka hapo dakika kumi, watu wapige picha. Na hakuna anayekamatwa kimya. Huyu atasema yeye ni jaji, yule atasema ana mimba, mwingine gavana ni mjomba wake. Kadiri anavyopiga kelele ndivyo watu wanavyofurahi. Jumapili iliyopita watoto walimfungulia mfungwa akatoroka, kwa hiyo sasa mbao zinabanwa kwa kufuli, na ufunguo anao Lyle kiunoni.

Saa tisa kasoro robo, kampuni ikiwa inajipanga, wakaja dada wawili wakicheka hata hawawezi kusimama sawa.

"Afande," alisema mmoja, "tunataka ukamkamate shemeji yetu, Curtis. Leo asubuhi ameuliza kama humu ndani kuna televisheni ya mpira."

"Kosa kubwa hilo!" Delbert alinguruma. "Yuko vipi huyo msaliti?"

"Mnene. Shati la bluu, masharubu. Kashika sahani ya karatasi, ya viazi vya kukaanga. Yuko huko huko kwenye mahema yenu, anashangaashangaa."

Delbert akageuka, akakaza macho. Kweli, kule kwenye uji, karibu na hema la silaha, kulikuwa na kitu kinene cha rangi ya bluu, na mkononi kimeshika kitu cheupe. Akakiendea kwa hatua ndefu, upanga unagongana na paja, moyo unadunda. Alipofika karibu aliona masharubu. Basi, kesi imekwisha.

"Simama hapo ulipo, ewe mhaini!"

"Ahaa, vizuri," alisema yule bwana. "Nilikuwa namtafuta mhusika. Wewe ndiye msimamizi hapa?"

"Mimi ndiye hasira ya Mfalme wa Wafalme! Unashitakiwa kwa kula viazi mwaka 1525, hali viazi havijavuka bahari!"

"Viazi gani?"

"Anakana! Enyi watu, mmemsikia anakana?"

Watu walikwisha kukusanyika, na wakapiga yowe la furaha. Askari wawili waliokuwa jirani, kuona kuruta wao amekamata windo nono namna ile, wakamdaka yule bwana huku na huku. Naye akawa anasema, "Jamani, jamani, mimi ni mkaguzi wa moto wa kaunti! Naitwa Stroud! Niko kazini!"

"Ni mkaguzi wa moto!" umati ukaitikia kwa kicheko.

"Juzi alikuwa askofu!" mmoja akadakia.

Kufuli likalia kwap! Wale dada wawili wakasogea kumtazama shemeji yao, wakatazamana, wakaziba midomo kwa viganja, kisha wakayeyuka katikati ya watu bila kuaga. Delbert aliona ni furaha imewazidi.

Kwa mbali Lyle akainua upanga wake. "Kazi nzuri, kuruta!"

Hebu fikiria. Misimu mitatu hajapata kuambiwa neno hilo. Delbert alihisi kama amevishwa taji.

Kisha ngoma ikaanza. Du! Du! Du-du-du! Thelathini wakapiga mguu kwa pamoja, vumbi likapanda, na msitu wa mikuki ukaondoka kambini kwenda uwanjani, nyuma ya ukuta wa marobota ya nyasi, hatua sitini hivi. Umati ukawafuata. Delbert, aliyeachwa peke yake na mfungwa, alijikuta anapiga mguu mahali alipo, kushoto, kulia, kushoto, huku akitabasamu. Jioni ile angekuwa mmoja wao. Aliisikia sauti ya Lyle uwanjani: "Mikuki juuu! Mikuki mbele!" Na ile fyuu. Hakuiona, lakini fyuu aliisikia, na nywele zikasimama vilevile kama siku ile juu ya paa.

"Bwana askari," mfungwa aliita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyekwisha kuhesabu mpaka mia. "Nisaidie kitu kimoja. Mfuko wa shati. Kuna kitambulisho."

"Hongo haipokelewi hapa."

"Si hongo. Soma tu."

Delbert akakichomoa kwa madaha. Akakileta mbele ya pua, akakisogeza zaidi, mpaka kope zikagusa plastiki. Ikatokea picha ya masharubu. Chini yake jina, Milford Stroud. Chini ya jina, cheo. Kitu alichodhani ni sahani ya viazi kilikuwa kimeanguka miguuni pa mfungwa. Akainama. Kilikuwa kibao cha kubania karatasi, na juu ya karatasi imeandikwa: *Ukaguzi wa hifadhi ya baruti*.

Jasho lilimtoka Delbert mahali ambapo hakujua mtu hutokwa jasho.

"Bwana Stroud," alisema, na sauti ya Mfalme wa Wafalme imekwisha kukimbia, "samahani sana, mzee wangu. Ufunguo anao Nahodha. Akirudi tu..."

"Hayo tutaongea. Sasa nisikilize vizuri. Lile sanduku lenu la baruti mmeliweka chini ya kibaraza cha hema la silaha, jambo ambalo halitakiwi. Na nyuma ya sanduku hilo kuna moshi."

"Huo ni wa jikoni."

"Jikoni kuko kushoto. Moshi ninaouona mimi uko kulia."

Delbert akavuta pumzi. Macho yake yalikuwa ya kuazima siku ile, lakini pua ilikuwa yake. Miaka ishirini na sita juu ya mapaa, kati ya lami ya moto na maturubai, inakufundisha harufu moja usiyoisahau. Turubai lilikuwa linaungua. Upepo ulikuwa umesukuma kaa la moto kutoka jikoni hadi kwenye nyasi kavu walizotandika chini ya hema.

Akanyakua ndoo, akakimbia. Mbele yake akaona kitu chekundu kinachezacheza kwenye upepo. Moto! Akakimwagia ndoo nzima, kwa ghadhabu.

"Hiyo ni kofia!" Stroud alipiga ukelele. "Umemwagia kofia!"

Kweli, ilikuwa kofia ya akiba ya Lyle, yenye manyoya mekundu, imetundikwa kwenye mti wa hema.

"Moto uko wapi?"

"Kulia! Kulia! Hapana, kulia kwako, siyo kulia kwangu! Umegeuka tena! Huoni?"

"Sioni!"

"Kwa nini huoni?"

"Miwani iko garini!"

"Kwa nini iko garini?"

Delbert alikuwa amekwisha kuondoka mbio. Alirudi kwenye pipa la maji, akazamisha ndoo, ikagonga chini, ko! Pipa tupu. Na kulijaza ilikuwa kazi ya nani? Ya kuruta. Maji ya mwisho alifulia soksi zake zipendeze wakati wa kura.

"Acha maji!" Stroud alisema, na sasa hakuwa mfungwa tena, alikuwa bosi kazini, ingawa kichwa na mikono vimetokeza kwenye mbao kama nguo kwenye kamba. "Ondoa sanduku! Hatua nne mbele. Tatu. Chini hapo. Umelishika! Inua!"

Sanduku lilikuwa la mwaloni, lina mikanda ya chuma. Delbert alilikumbatia, goti lile alilolivunja alipoanguka paa la pili likalia kaa!, akainuka nalo. Joto lilimlamba shavu.

"Geuka! Tembea! Usisimame, nenda, nenda, nenda!"

Akaenda alikoitwa na sauti. Akatembea kama bata aliyebeba mayai, hatua kumi, kumi na tano, pumzi inapiga filimbi. Alipohisi yuko mbali na moto akalitua taratibu.

Akanyoosha mgongo.

"Umeniletea mimi?" Stroud alinong'ona. Sanduku la baruti lilikuwa katikati ya miguu yake.

"Nilifuata sauti yako, mzee!"

"Mungu wangu. Basi sasa ita watu. Ita watu, ule moto umepanda kwenye turubai, na mimi siwezi hata kujikuna!"

Kuita si tatizo, Delbert ana kifua. Lakini aite nini? Kule uwanjani ngoma zinanguruma, mikuki inagongana, watu elfu mbili wanashangilia. Ukiita "moto" watadhani ni mchezo, kama walivyodhani "mkaguzi". Kuna neno moja tu. Kampuni ile ina neno ambalo likitamkwa, kila mtu huganda pale alipo, awe malkia au mpiga ngoma, kwa sababu maana yake ni kwamba mchezo umekwisha na kuna mtu wa kweli katika hatari ya kweli. Na neno hilo kuruta haruhusiwi kulitamka. Miaka miwili nyuma kuruta mmoja alilipiga kwa sababu ya nyigu, akavunja vita vizima, na siku hiyohiyo alifukuzwa bila hata kupigiwa kura.

Delbert aliyajua hayo yote. Akaiona kura yake, kitu pekee alichokiona vizuri siku nzima, ikiondoka kama basi la mwisho. Akajaza kifua.

"GANDAAA!"

Akalipiga tena, na tena, mpaka koo likachanika.

Ngoma zikakatika. Watu elfu mbili wakanyamaza, ungesikia bendera. Kisha juu ya marobota zikachomoza kofia zenye manyoya, na Kampuni ya Mikuki ikaja mbio, soksi nyekundu na njano, sasa mbio za kweli, mama wa benki mbele ya wote. Hakuna aliyeuliza. Mmoja akabeba sufuria zima la supu ya kabeji iliyokuwa motoni tangu asubuhi, akalimimina kwenye turubai. Wengine wakapasua pipa la bia. Bernadette Pruitt, miaka sabini na moja, akalowesha joho lake la sufu katika ile bia, akawa anaupiga moto kama anaufundisha adabu. Dakika tatu, moto kwisha. Hema limebaki na nusu sketi. Umati ulioruka marobota kufuata ukapiga makofi mpaka miti ikatikisika.

"Mwaka huu mmetisha!" mzee mmoja alisema, akifuta machozi. "Mpaka kabeji!"

Hapo ndipo Lyle Brandvold alipoipata kofia yake. Aliinua kile kitu, maji yanachuruzika, manyoya yamelala kama kuku aliyekufa. Akawapanga watu wake duara, na Delbert katikati.

"Nianzie wapi?" alisema. "Amemfunga ofisa wa serikali."

"Na sisi tulimsaidia kumfunga, Lyle," mmoja wa wale askari wawili akasema.

"Pipa hakulijaza. Miwani hakuvaa."

"Nilimwambia avae," alisema Bernadette. "Ni mpumbavu, sikatai. Lakini ameliondoa lile sanduku, na lile sanduku wewe ndiye uliyesema likae pale, kivulini."

Lyle akawa mwekundu kuliko soksi yake. "Sisemi hakufanya kitu! Nasema kuhusu neno. Neno lile ni la waliopigiwa kura. Sheria ya kwanza kabisa katika kitabu chetu, na niliiandika mimi. Kuruta akilitamka, hakuna kura. Yule wa nyigu tulimfukuza. Tukimwacha huyu, yule tulimfukuzia nini? Sheria ni sheria."

"Kulikuwa na moto!" alisema mama wa benki.

"Sheria haisemi kama kuna moto au hakuna!"

Wakarushiana maneno, huyu moto, huyu sheria, mikuki inapepesuka juu ya vichwa vyao. Delbert alikuwa ameshajua kuanguka kulivyo. Kwanza unateleza, halafu unakuwa na nafasi ndogo ya kufikiri. Akaanza kufungua kamba za kofia yake chini ya kidevu, taratibu, maana fundo alilikaza mno asubuhi, na sasa lilikuwa gumu. Kelele zikapungua. Wote wakawa wanamtazama jinsi anavyohangaika na fundo.

"Nahodha," ikaita sauti kutoka kwenye mkatale.

Wakageuka. Lo! Walikuwa wamemsahau. Milford Stroud alikuwa palepale, kichwa na mikono nje, sanduku la baruti katikati ya miguu, na jani la kabeji limemkaa begani kama cheo cha jeshi.

"Bwana Stroud!" Lyle akapapasa kiuno. "Samahani, nakuja, ufunguo uko..."

"Subiri. Mimi kazi yangu ni sheria, miaka kumi na tisa sasa. Hilo sanduku nitaliandikia ripoti ndefu, usiwe na wasiwasi. Lakini kuhusu hii kesi yenu nina swali. Kitabu chenu kinawabana kina nani?"

"Watu wa kampuni."

"Na huyu ni mtu wa kampuni?"

"Bado. Ndiyo maana nasema..."

"Basi kama si mwenzenu, sheria yenu haikumhusu, na hakuvunja kitu. Na kama ilimhusu, ni mwenzenu tangu zamani, na mnapoteza muda wake na wangu. Chagua moja, daktari, halafu lete ufunguo."

Mama wa benki akagonga ardhi kwa kitako cha mkuki wake, ko!, mikuki mingine yote ikafuata, hata mmoja haukulazwa, na Lyle akaenda na ufunguo.